Urukangaga na Mpaka wa Kinamasi: Askari Autambue Mmea Huu

Askari jeshi na polisi waliopangiwa Rusizi na milima ya Nyungwe hupewa, pamoja na kazi zao nyingine, kazi ya kulinda vinamasi. Amri hiyo ni ya haki, nasi hatuna neno dhidi yake. Lakini ina pengo ambalo, kwa maoni yetu, limeachwa wazi muda mrefu mno: mlinzi hakufundishwa kukijua anacholinda. Huambiwa azuie watu wasiharibu kinamasi, bali hakuonyeshwa kinamasi kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Akifika bondeni hukuta kijani kila upande, akakiita chote "majani", kisha akaamua kwa kukisia. Na kukisia kwa mtu aliyeshika bunduki au pingu si jambo dogo, maana anayekisiwa ni mwananchi mwenye jembe, mwenye watoto nyumbani, na aghalabu asiyejua kusoma ramani.

Twapenda basi leo tuzungumze juu ya mmea mmoja tu. Kwa Kinyarwanda huitwa urukangaga. Wataalamu wa mimea huuita Cyperus latifolius, na neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wenye majani mapana". Msomaji aliyepata Kiswahili chake pwani hatakuwa mgeni wa jina hilo, kwa kuwa huko nako neno kangaga hutajwa kwa majani marefu ya mahali penye maji. Hivyo ndivyo lugha zetu zilivyo ndugu. Kiswahili kilikuwa lugha ya kambini hapa Rwanda muda mrefu kabla ya kufanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017, na si ajabu kwamba neno la bondeni kwa wazee wa Cyangugu lafanana na neno la wavuvi wa Bahari ya Hindi.

Kwa nini mmea huu, na si mwingine? Sababu ni ya kikazi. Polisi wengi wapya hupata mafunzo Gishari, na maofisa wengi wa jeshi hupitia Gako. Vyuo vyote viwili viko mashariki ya nchi, katika ardhi ya chini yenye joto, ambako kinamasi na mafunjo ni kitu kimoja machoni pa watu. Mabonde ya Nyabarongo na Akagera yamejaa mafunjo, yenye bua refu lisilo na majani na kichwa kilichotawanyika kama ufagio. Kijana akizoea picha hiyo, kisha akaletwa katika milima ya magharibi, huyatafuta mafunjo asiyaone. Huhitimu moyoni kwamba hapo hakuna kinamasi, ila majani tu na tope la mvua ya jana. Kumbe amesimama juu ya kinamasi cha miaka maelfu. Mlimani mafunjo hupungua kadiri mtu anavyopanda, na mahali pao hushikwa na urukangaga pamoja na jamaa zake wengine.

Mahali pa kujifunzia tunapo, tena karibu. Atokaye Kamembe kwa barabara ya Huye hukata msitu wa Nyungwe, na kabla ya kufika Uwinka huweza kutazama chini akaona bonde pana lisilo na miti mikubwa, limezungukwa na msitu pande zote. Hiyo ndiyo Kamiranzovu. Jina lenyewe ni onyo: ni mahali panapomeza tembo. Kinamasi hicho kiko kwenye mwinuko wa mita 1,950 hivi kutoka usawa wa bahari, na eneo lake hukaribia kilomita za mraba 13. Tangu zamani kilihesabiwa upande wa Cyangugu, mkoa ambao mwaka 2006 ardhi yake iligawanywa katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Tembo wa mwisho wa Nyungwe aliuawa na majangili huko huko Kamiranzovu mwaka 1999. Kwa hiyo hata tembo aliyeepuka tope hakuepuka bunduki, na jambo hilo lapasa kuwakumbusha walinzi wa leo kwamba msitu huu umekwisha kupoteza kikubwa mbele ya macho ya watu.

Sasa twende kwenye utambuzi wenyewe. Ndugu askari, usianze na ua wala urefu. Anza na bua. Lishike kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ulizungushe polepole. Bua la nyasi za kawaida, au la matete, ni duara, lina vifundo, na aghalabu lina uwazi ndani. Bua la urukangaga lina pembe tatu ambazo kidole huzihisi hata gizani. Halina vifundo njiani. Ukilikata, ndani utaona kiini cheupe, laini kama sifongo, ambacho ndicho kinachopeleka hewa chini kwenye mizizi iliyozama. Kisha tazama majani. Ya nyasi hutoka katika safu mbili, moja huku na moja huku; ya urukangaga hutoka katika safu tatu, sawasawa na zile pembe tatu za bua. Ala ya jani la nyasi imepasuka upande mmoja hata waweza kuifungua kwa ukucha. Ya urukangaga imefungwa pande zote kama mkono wa shati.

Hayo yote yatakuonyesha jamii tu, hayajakuonyesha aina. Na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa jamii hii ni kubwa na ina watu wa tabia mbalimbali. Ndago, yule adui wa kila mkulima, naye ana bua la pembe tatu! Lakini ndago huota shambani, hufika magotini au chini ya hapo, na akichimbuliwa huonekana ana viazi vidogo vyenye harufu. Askari atakayeshika bua la ndago, akahisi pembe tatu, akamwandikia mkulima kosa la kulima kinamasi, atakuwa amemwonea mtu kwa elimu nusu, ambayo kwetu sisi ni mbaya kuliko ujinga mtupu.

Urukangaga wenyewe hutambulikana hivi. Ni mrefu, mara nyingi kupita kimo cha mtu. Majani yake ni mapana kuliko ya jamaa zake wengi, ya kijani iliyokolea, yamekunjwa kwa urefu, na kingo zake hukwaruza. Apitaye bila mikono mirefu hutoka na michubuko. Juu ya bua hukaa majani mengine marefu yaliyotanda kama nyaya za mwavuli, na katikati yake hutoka vitawi vya maua madogo yasiyo na rangi ya kuvutia, ambayo yakikomaa hugeuka kahawia. Mmea husambaa kwa shina la chini ya tope, ndiyo maana huuoni mmoja mmoja bali kundi zima, limeshonana.

Jamaa mwingine anayeonekana Kamiranzovu ni yule aitwaye na wataalamu Cyperus denudatus, yaani "aliyevuliwa nguo". Jina limemfaa: majani yake yamebaki kuwa vikonyo tu vya ala huko chini, na bua lake jembamba husimama tupu. Askari akiona bua la pembe tatu lisilo na majani, fupi, jembamba, limesimama katika mboji laini yenye maji, asiite kitu hicho "mafunjo machanga", kama tulivyosikia watu wakisema. Apandaye juu zaidi, kwenye mabonde ya baridi kati ya volkeno za Virunga au kule Rwenzori, hukutana na jamaa wa tatu, Carex runssoroensis, ambaye hukaa kwa mafungu mafungu mithili ya viti vya nyasi, nasi hatutamweleza zaidi kwa kuwa walinzi wa Rusizi hawatamkuta.

Makazi ya urukangaga ni mahali ambapo maji hayaondoki. Hauogopi baridi ya mlimani, wala hewa nzito inayoshuka usiku kutoka kwenye vilima na kulala bondeni. Unachoogopa ni ukavu. Katika maji yaliyotuama hewa ni haba, na pasipo hewa wadudu wa kuozesha hawafanyi kazi yao vizuri. Kwa hiyo majani yanayokufa hayaozi yakaisha, bali hulaliana mwaka baada ya mwaka, yakawa mboji nyeusi ambayo Kinyarwanda huiita nyiramugengeri. Mboji ya namna hii hujengeka polepole sana, kama milimita moja kwa mwaka au chini ya hapo. Mita moja ni kazi ya miaka elfu. Jirani zetu wa Burundi wana kinamasi cha mlimani kiitwacho Kashiru, ambako wataalamu walisoma chavua zilizohifadhiwa katika mboji na kupata habari za mimea na hali ya hewa ya miaka 40,000 iliyopita. Hakuna kumbukumbu ya serikali yoyote iliyodumu kiasi hicho.

Mboji hiyo hunyonya maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Nyungwe umekaa juu ya mgongo unaogawa maji: upande wa mashariki huenda Nile, upande wa magharibi huenda Kongo kwa njia ya Ziwa Kivu na mto Rusizi. Na katika mto Rusizi vimo vituo vya umeme, kile cha kwanza kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na cha pili kilichoanza kazi mwaka 1989, ambacho Rwanda, Burundi na Kongo hugawana umeme wake. Hatusemi kwamba mitambo hiyo inategemea Kamiranzovu peke yake. Hilo lingekuwa kutia chumvi. Twasema kwamba ziwa hujazwa na vijito, na vijito vya mlimani visivyokauka mwezi wa Agosti vina mahali vinapotoka.

Mwenye shaka na aende kaskazini, akatazame habari za Rugezi. Kinamasi hicho cha mlimani, kilicho juu ya mita 2,000, hulisha Ziwa Burera, na ziwa hilo huendesha mitambo ya Ntaruka. Rugezi ulichimbwa mifereji ili upatikane mahali pa kulima. Maji ya Burera yakashuka, na kufikia miaka ya 2003 na 2004 uzalishaji wa Ntaruka ulikuwa umeanguka vibaya, nchi ikalazimika kutafuta umeme wa majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Ni kweli kwamba mvua nazo zilipungua na kwamba uendeshaji wa kituo ulikuwa na kasoro zake. Lakini kukauka kwa Rugezi kulihesabiwa miongoni mwa sababu kubwa. Serikali ikaamua mifereji izibwe na watu watoke. Maji yakarudi, urukangaga ukarudi, na Rugezi ukaingizwa katika orodha ya vinamasi vinavyotambuliwa na mkataba wa kimataifa wa Ramsar.

Lakini tusisahau upande wa pili wa habari hiyo. Waliotoka Rugezi walikuwa wananchi, nao walipoteza mashamba, malisho na majani ya kusukia. Lau mfereji wa kwanza ungalizuiwa siku ulipochimbwa, isingalifika siku ya kuwatoa watu wengi kwa mara moja. Hapo ndipo tunapouona umuhimu wa mlinzi mwenye jicho lililofundishwa. Yeye huliona jambo likiwa dogo.

Maana urukangaga hautoweki siku moja. Mfereji ukichimbwa, mimea iliyo karibu nao hudumaa kwanza. Majani hugeuka manjano kuanzia ncha. Kisha katikati ya kundi huingia nyasi za nchi kavu na magugu ya shambani. Ndago akionekana mahali palipokuwa na urukangaga mwaka jana, maji yamekwisha kushuka, hata kama mfereji wenyewe umefichwa kwa matawi. Kuna na ishara ya sikio. Ndani ya vinamasi hivi vya mlimani huishi ndege mdogo wa rangi ya kahawia, Bradypterus graueri, ambaye duniani kote hapatikani ila katika milima hii ya Rwanda, Burundi, Uganda na mashariki ya Kongo. Ni vigumu kumwona, lakini husikika akiimba ndani ya majani. Mahali alipokuwa akisikika kila asubuhi, kisha pakawa kimya msimu baada ya msimu, pastahili kutembelewa.

Twarudi kwa mwananchi. Kuna mama anayekata mzigo wa urukangaga akasuke mikeka, na kuna mtu anayechimba mfereji wa kina cha goti. Katika macho ya askari asiyefundishwa, wote wawili ni "waharibifu wa kinamasi", na kwa kuwa mama hana mbio, yeye ndiye anayekamatwa. Hatuoni haki hapo. Urukangaga ukikatwa juu huchipua tena kutoka shina lililo chini ya tope, na watu wa milima hii wamekuwa wakiukata tangu babu na babu bila kuumaliza. Mfereji, kinyume chake, huua shina lenyewe na mboji iliyo chini yake. Ndani ya hifadhi ya taifa, kama Kamiranzovu, kukata nako kumekatazwa, na sheria lazima ifuatwe. Nje ya hifadhi mambo si sare. Mwaka 2017 Waziri Mkuu alitoa amri iliyoorodhesha vinamasi vya nchi, mipaka yake na namna vinavyoweza kutumiwa, vingine vikiachwa kabisa na vingine vikiruhusiwa kwa masharti. Na mwaka 2018 ikatoka sheria ya mazingira. Polisi anayeandika taarifa yampasa aeleze alisimama wapi, kinamasi hicho ni cha daraja gani, na ni mimea gani aliyoiona hapo. Taarifa inayosema tu "amekutwa kinamasini" ni dhaifu mbele ya hakimu, nayo yastahili kuwa dhaifu.

Kwa upande wa jeshi lipo jambo jingine, nalo ni moto. Kikosi kilichochoka hupenda mahali tambarare, na ukingo wa kinamasi wakati wa kiangazi huonekana tambarare na mkavu. Mboji iliyokauka huwaka. Tena huwaka chini kwa chini, bila ndimi za kuonekana, ikatoa moshi mahali pengine baada ya kikosi kuondoka na kuamini kwamba moto wa chai umezimwa. Nyungwe iliungua vibaya mwishoni mwa miaka ya 1990, na sehemu zilizoungua bado hutambulikana kwa jinsi miti inavyosuasua kurudi. Kwa hiyo mahali penye urukangaga, au palipo na mabua yake makavu, pasipigwe kambi wala pasiwashwe moto; atafutwe mtu wa kupanda hatua mia moja mlimani, kwenye udongo wa kweli. Kadhalika njia ya doria ipite ukingoni, si katikati. Nyayo za kikosi kizima zikifuatana mahali pamoja hufanya mfereji bila jembe.

Tutaulizwa: mbona serikali yenyewe huchimba mboji? Swali ni la haki, na hapa Rusizi laulizwa kwa sauti zaidi, kwa kuwa kituo cha umeme cha Gishoma, chenye uwezo wa megawati 15, kilijengwa kuchoma mboji ya bonde lake. Jibu letu ni kwamba hilo liliamuliwa kwa mpango, kwa hesabu na kwa jina la watu wote waliohitaji taa. Si sawa na mtu kuchimba usiku. Hata hivyo hatufichi kwamba kituo hicho kiliwahi kusimama kwa upungufu wa mboji, na kwamba kilichochomwa hapo hakiwezi kurudishwa katika maisha yetu wala ya wajukuu wetu. Tungependa hesabu za namna hiyo siku zijazo zihesabu na miaka, si tani peke yake.

Tunayopendekeza ni machache. Gishari na Gako viongeze katika mafunzo yao somo la nusu siku juu ya mimea ya vinamasi, vya chini na vya mlimani, na lifundishwe kwa mabua halisi yaliyokatwa mahali panaporuhusiwa, si kwa picha. Askari wanaohamishiwa Rusizi na Nyamasheke wapelekwe ukingoni mwa Kamiranzovu pamoja na walinzi wa hifadhi, ambao wanaijua kila kona, waoneshwe urukangaga, aliyevuliwa nguo, na ndago wa shambani wakiwa mkononi kwa wakati mmoja. Siku za umuganda, ambapo mfereji wa barabara huzibuliwa na kurefushwa kwa nia njema, ofisa aliyepo aangalie maji hayo yanatolewa wapi kabla majembe hayajaanza.

Na majira ya kufanya kazi hiyo yachaguliwe vizuri. Wakati wa mvua kila bonde hufanana na kinamasi. Mwezi wa Agosti, kabla mvua za Septemba hazijaanza, nyasi za vilimani zimegeuka kahawia, na urukangaga bado ni wa kijani kwa sababu miguu yake imo majini. Mstari kati ya rangi hizo mbili huonekana wazi kutoka barabarani. Huo uandikwe katika daftari la kituo, pamoja na tarehe, upimwe kwa hatua kutoka jiwe au mti unaojulikana, na askari wa zamu ya mwaka unaofuata aupime tena kutoka jiwe lile lile.